Nilifuta GB 19, Diski Ikabaki Imejaa

Ilikuwa tarehe 19, saa mbili na robo usiku. Kwa mtu wa kompyuta tarehe hiyo haina maana yoyote, ila kwa mhasibu wa Tanzania ni mkesha: kesho yake, tarehe 20, ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT za mwezi uliopita. Nilikuwa nyumbani Mbagala, sahani ya wali maharage mbele yangu, simu ikaita. Dada wa uhasibu.

"Kaka, sistimu inazunguka tu."

"Imekuandikia nini?"

"Haijaandika kitu. Nabonyeza hifadhi, inazunguka. Tuko watatu hapa, wote inatuzungukia."

Kampuni ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, ofisi Kurasini, na mimi ndiye nilikuwa kijana wa kompyuta: printa zangu, nyaya zangu, barua pepe zangu, pamoja na seva moja ya Ubuntu 14.04 (aina ya Linux) iliyobeba mfumo wa ankara. Mfumo wenyewe uliandikwa kwa Java, ukiendeshwa na programu ya Tomcat, data zikikaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Vyote hivyo viliwekwa kwenye partisheni (fungu la diski) moja ya GB 40. Aliyeifunga aliona 40 ni nyingi. Mwaka ule, 2016, hata mimi niliona ni nyingi.

Nikasogeza sahani, nikafungua laptop, nikaunga intaneti ya simu, nikaingia kwenye seva kwa ssh. Dalili niliipata kabla hata sijauliza swali. Nina mazoea ya kuandika herufi mbili tatu za jina la folda halafu nabonyeza Tab limalizike lenyewe. Safari hii nilipobonyeza, bash, ganda linalopokea amri zangu, ikanung'unika: cannot create temp file for here-document: No space left on device, nafasi imekwisha. Yaani ili kunimalizia jina tu, bash ilitaka kuandika kijifaili cha muda kule /tmp, na hata hicho hakikupata pa kukaa.

Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha ukubwa wa diski, zilizotumika na zilizobaki. Mstari nilioukuta naukumbuka mpaka leo:

/dev/sda1   40G   38G   0   100%   /

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini akina dada hawakupata ujumbe wa kosa. MySQL ikikosa nafasi haikimbilii kulia. Inakaa kimya, inachungulia kila baada ya dakika moja kama kuna nafasi imepatikana, na anayesubiri upande wa pili anaona duara linazunguka. Ni ustaarabu mzuri, sema kwa mtumiaji unaonekana kama uvivu.

Sasa nani kaijaza? Nikamtuma du, anayepima uzito wa kila folda:

du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Hiyo -x ni ya kumwambia du asivuke kwenda kwenye diski nyingine, abaki humuhumu. Baada ya dakika kama tatu majibu yakaja: /opt GB 20, /var GB 11. Nikashuka ndani ya /opt hatua kwa hatua mpaka nikamkuta mwenyewe, faili moja linaitwa catalina.out, GB 19. Aliyewahi kuendesha Tomcat anamfahamu huyu. Ni faili ambalo kila neno linalotamkwa na programu linaangukia humo, na kwa jinsi tulivyoifunga sisi hakuna mtu wa kulikata. Ukiliacha linanenepa milele. Letu lilinenepa haraka zaidi kwa sababu fundi wa mfumo alikuja wiki mbili nyuma kutafuta hitilafu, akawasha kiwango cha DEBUG, akaondoka bila kukizima. Kila ankara moja ilikuwa inaandika kurasa nzima ya maelezo.

Nikafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. Nikaandika rm catalina.out (rm ni amri ya kufuta), nikabonyeza Enter. Nikaandika df -h.

100%.

Nikarudia. 100%. Nikaangalia folda: faili halipo. Nikarudia df mara ya tatu, polepole, kama vile nilikosea spelingi mara mbili za mwanzo. 38G. Haijapungua hata mega moja. Na simu inaita tena, "Kaka, vipi?"

Ningeishia hapo, hasara ingekuwa ya chapati mbili. Nilichokifanya ndani ya nusu saa iliyofuata ndicho kilichonigharimu siku mbili.

Nilianza na vidogo. apt-get clean, ikafuta vifurushi vilivyoshushwa zamani, nikapata kama mega 400. Zikaliwa ndani ya muda mfupi, maana Tomcat bado ilikuwa inaropoka. Kisha nikajaribu gzip, amri ya kubana, kwenye logi (faili la kumbukumbu za programu) moja ya zamani yenye mega 700, ikakataa katikati. Sikufikiria: gzip inaandika faili jipya kwanza, likikamilika ndipo linafuta la zamani. Diski iliyojaa haina pa kuweka hilo jipya. Kubana vitu ni kazi ya siku za neema.

Halafu nikaingia /var/lib/mysql. Nikakuta mlolongo wa mafaili: mysql-bin.000211, mysql-bin.000212, na kuendelea, kila moja giga moja au pungufu, jumla GB 6 na ushee. Nikasema hizi si logi tu? Jina lenyewe lina bin, kama pipa la taka. Nikaandika rm mysql-bin.0*.

Nikiikumbuka ile nyota mwishoni mwa amri natamani kujificha.

Df ikashuka kidogo, ikasema GB 32. Dada akapiga: "Imefunguka! Ubarikiwe kaka." Nikapokea baraka. Ila nilipopiga hesabu, hesabu ilikataa. Du inasema vilivyomo ni GB 13. Df inasema vilivyotumika ni GB 32. Kumi na tisa ziko wapi? Na mimi, badala ya kukaa na swali hilo, nikafanya kile kila fundi wa mtaani anachofanya mashine ikimshinda: nikaizima na kuiwasha. Nikawaambia akina dada wasubiri dakika tano.

Ikarudi. Df safi kabisa, GB 13. MySQL haikurudi.

Kwenye faili lake la makosa ilikuwa imeandika kwamba imeshindwa kufungua logi fulani, errno 2 (faili halipo), na chini yake Can't init tc log, na chini yake Aborting. Saa ilikuwa tatu na nusu usiku. Nikampigia mzee.

Mzee huyu alinifundisha kazi. Alianza na mashine za Solaris wakati mimi bado niko shule ya msingi, na amestaafu sasa, anafuga kuku wa mayai. Hapendi kupigiwa usiku, lakini hajawahi kuacha kupokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitisha, maana kwa kawaida hukatiza. Kisha akaniuliza swali moja: "Ulipofuta lile faili la kwanza, Tomcat ilikuwa imesimama au inaendelea?"

"Inaendelea."

"Basi hukufuta faili. Ulifuta jina."

Akanieleza kwa mfano wa gesti, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiutumia kwa vijana wangu. Faili kwenye Unix ni mgeni aliyelala chumbani. Jina kwenye folda ni mstari kwenye daftari la mapokezi. Rm inakata mstari kwenye daftari, basi. Chumba kinahesabiwa kitupu pale tu ambapo hakuna mstari unaomtaja mgeni na hakuna mtu aliyeshikilia ufunguo wake. Tomcat ilikuwa imeshikilia ufunguo. Kwa hiyo du, ambayo hupita daftari mstari kwa mstari, haikumwona mgeni. Df humuuliza mwenye gesti vyumba vingapi vimekaliwa, na mwenye gesti hadanganyi. Tofauti ya du na df ndiyo ilikuwa jibu langu, na lilikuwa mbele ya macho yangu tangu saa mbili na nusu.

"Sasa tofauti kama hiyo ukiiona," akasema, "unaandika lsof, alama ya kujumlisha, L kubwa, moja." Akanifanya niiandike kwenye karatasi: lsof +L1. Amri hiyo inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena popote. Ningeiandika usiku ule kabla ya kuwasha upya, ingenionyesha mstari mmoja wa java, namba ya prosesi (programu inayoendeshwa), GB 19, na neno deleted mwishoni. Na tiba haikuhitaji hata kuigusa Tomcat. Kama prosesi ni namba 1874 na faili limeshikwa kwenye kishikio namba 1, unaandika:

: > /proc/1874/fd/1

Unamwaga yaliyomo, mgeni anabaki na chumba chake lakini mizigo yote imetolewa nje. Bora zaidi ni kutolifuta jina tangu mwanzo, na kulimwaga faili lenyewe likiwa bado na jina: truncate -s 0 catalina.out. Sekunde moja. Wali wangu usingepoa.

(Hapa kuna mtego ambao niliujua baadaye. Tomcat hulifungua catalina.out kwa kuongezea mwishoni, ile alama ya mishale miwili, kwa hiyo ukilimwaga linaanza sifuri bila matatizo. Programu iliyofungua faili bila mtindo huo hukumbuka ilifika wapi, na mstari wake unaofuata inauandika palepale, kwenye baiti ya bilioni ishirini hivi. Ukiandika ls (amri ya kuorodhesha mafaili) unaona faili limerudi GB 19 kana kwamba hukufanya kitu. Usihamaki. Ni faili lenye shimo katikati, na du itakuambia ukubwa wake wa kweli, ambao ni kiduchu.)

Tukaja kwenye MySQL. Mysql-bin si takataka na si logi za kusomwa na binadamu. Ni kumbukumbu ya kila badiliko lililofanyika kwenye data, na seva nyingine inayofuata nyayo za ya kwanza husoma humo. Mimi nilifuta zote, hata ile iliyokuwa inaandikwa muda huo. Lakini orodha yake, faili dogo linaloitwa mysql-bin.index, niliiacha. MySQL ilipoamka ikasoma orodha, ikaenda kutafuta la mwisho, ikakuta hewa, ikagoma.

"Hiyo index usiifute," mzee akasema. "Ihamishe pembeni. Leo usifute kitu kingine chochote, unanisikia?"

Nikaihamisha. MySQL ikaamka, ikaanza orodha mpya kutoka 000001. Akina dada wakamaliza ankara zao saa tano kasoro, nikawaitia bajaji kwa hela yangu kwa aibu. Nilidhani yameisha.

Asubuhi ofisi ya Mwanza wakapiga. Kule tulikuwa na seva ya pili, nakala ya ile ya Dar, ambayo wao waliitumia kuangalia mizigo. Imesimama tangu jana usiku. Nikaingia, nikakuta kosa 1236: nakala inaomba logi ambayo seva kuu haina tena. Hakuna njia ya mkato hapo. Ilibidi nichukue data zote upya, nizisukume mpaka Mwanza kwa laini ambayo mchana ilikuwa inasuasua kama daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, nizipakie, nianze kufuatisha tena. Siku mbili. Bosi hakunifokea. Aliniuliza tu, mbele ya watu, "Hivi tatizo lilikuwa diski au lilikuwa wewe?"

Njia halali ilikuwepo. Unaingia Mwanza kwanza, unaandika SHOW SLAVE STATUS (siku hizi SHOW REPLICA STATUS), unaona nakala imefikia logi namba ngapi. Kisha unarudi seva kuu, unaandika PURGE BINARY LOGS TO na jina la logi hiyo, MySQL yenyewe inafuta za nyuma na kurekebisha orodha yake. Na kulikuwa na kipimo cha siku ambacho hatukuwahi kukiweka, expire_logs_days, ambacho kwenye matoleo yale ya zamani kilianzia sifuri, maana yake usifute kamwe. Kuanzia MySQL 8.0 wameweka siku 30 tangu kiwandani. Nadhani walichoka na watu wa aina yangu.

Tena si peke yangu, na hili lilinipa faraja. PostgreSQL wana folda ya aina hiyohiyo, na zamani iliitwa pg_xlog. Watu walikuwa wakiona neno log kwenye diski iliyojaa, wanafuta, na hifadhidata inakufa. Toleo la 10 lilipotoka mwaka 2017 wakaibadilisha jina kuwa pg_wal, mkono usiwashe.

Nilimuuliza mzee pia kuhusu zile GB 2. Diski ina 40, zimetumika 38, iliyobaki sifuri. Hesabu gani hiyo? Akacheka. Mfumo wa mafaili wa ext4, ule wa Linux, unapotengenezwa, asilimia 5 ya nafasi hufungiwa kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. Watumiaji wa kawaida, MySQL na Tomcat wakiwemo kama hawaendeshwi kwa root, wanagonga ukuta mapema, na root anabaki na pa kupumulia akaingia kufanya usafi. Wazo lenyewe ni la kale, la Chuo Kikuu cha Berkeley miaka ya 1980, na wao waliweka asilimia 10, kwa sababu pia mfumo wa mafaili uliojaa pomoni unaanza kutawanya vipande ovyo na kuwa mzito. Kwenye FreeBSD, mfumo wa ukoo huo, unaweza kukuta df imeandika asilimia 105, na hakuna aliyekosea. Diski kubwa ya data tupu unaweza kupunguza akiba hiyo kwa tune2fs -m 1. Ya mfumo, ile ya /, mimi siigusi.

Baada ya hapo nikajiona nimeiva. Miaka miwili baadaye nikaletewa kazi ya pembeni, tovuti ya shule moja ya binafsi, wanafunzi hawawezi kuingia kuona matokeo. Ujumbe uleule, No space left on device. Nikaandika df -h kwa madaha.

Asilimia 41.

Lsof +L1: hakuna kitu cha maana. Nikakaa. Unaandika faili tupu, touch jaribu, inakataa. Diski ina nafasi zaidi ya nusu na haipokei faili lisilo na hata baiti moja. Nilinyanyuka nikaenda kununua maji, na ni kwenye kurudi nikakumbuka df ina -i.

IUse% 100%.

Kila faili kwenye ext4 linahitaji inodi moja, kadi yake ya utambulisho, na kadi hizo huchapishwa siku diski inapotengenezwa, moja kwa kila KB 16 za nafasi. Partisheni ya GB 20 inapata kadi 1,310,720. Zikiisha zimeisha, hata kama nafasi ipo. (XFS, mfumo mwingine wa mafaili, hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika, ndiyo maana wenzetu wa huko hawalijui sana hili gonjwa.) Nikaandika du --inodes -x / na sort, nikafuata namba kubwa mpaka kwenye folda moja ndani ya tovuti, tmp/sess, ikiwa na mafaili zaidi ya milioni moja. Kila mtu aliyewahi kufungua ukurasa wa mbele, kila roboti ya Google iliyopita, aliachiwa kijifaili chake cha seshoni, cha kumkumbuka.

Kisa chake kinafurahisha kama hakikuhusu. Kwenye Debian na Ubuntu, PHP, lugha iliyoandikia tovuti hiyo, imekatazwa kujisafishia yenyewe. Gc_probability, uwezekano wa kujisafisha, ni 0. Usafi unafanywa na skripti ya cron (mpangaji wa kazi za ratiba) ambayo inapita kwenye folda inazozijua. Aliyeandika tovuti aliamua ndani ya kodi yake kuhamishia seshoni kwingine. Cron haikuambiwa. Kwa hiyo mfagiaji alifagia chumba kitupu kila nusu saa, kwa miaka, na taka zinajaa chumba cha pili.

Kuzifuta nako kulikuwa na vituko. Rm * ilijibu Argument list too long, kwa sababu ganda hujaribu kuandika majina yote milioni kwenye amri moja. Ls ikaganda, maana inataka kuyapanga kwa alfabeti kwanza. Ls -f haipangi, inaanza kutapika palepale. Kilichofanya kazi ni find, na safari hii nilikumbuka kuacha seshoni za watu walioingia siku hiyo:

find . -type f -mmin +1440 -delete

Ilichukua muda wa kutosha kunywa chai mbili. Folda yenyewe ilibaki na uzito wa ajabu kwenye ls -ld, kwa sababu kwenye ext4 folda iliyowahi kujaa haisinyai hata ukiitoa vyote. Nikatengeneza mpya, nikabadilisha majina, nikaifuta ile nzee.

La tatu nitalieleza kwa kifupi kwa sababu lilinipata nikiwa nimeshajifunza kutulia. Df inasema 38, du inasema 15, lsof haioni faili lililofutwa. Tofauti ipo na mgeni hayupo. Jibu: umeme ulikatika wiki ya nyuma, seva ilipoamka diski ya nje ya bakapu haikupachikwa. Skripti ya saa nane usiku haikujua. Ikaandika bakapu kwenye folda tupu /mnt/bakapu, ambayo bila diski ni sehemu ya / yenyewe. Asubuhi mlinzi akaichomeka vizuri, ikapachikwa juu ya folda ileile, na GB 23 zikafunikwa chini yake kama uchafu uliofagiliwa chini ya mkeka. Unazionaje? Unapachika / mahali pengine:

mount --bind / /tmp/mzizi

halafu unaingia /tmp/mzizi/mnt/bakapu na kuzikuta zimejilalia. Siku hizi skripti yangu inaanza na mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1, yaani diski isipopachikwa, acha, na folda yenyewe, kabla diski haijapachikwa, nimeipiga chattr +i. Diski isipokuwepo hata root haandiki humo.

Kuhusu catalina.out, niliiwekea logrotate, chombo cha kukata logi kwa ratiba, kwa mtindo wa copytruncate: inanakili, halafu inamwaga. Mistari michache inaweza kupotea kati ya kunakili na kumwaga, sijawahi kuililia. Lakini angalia kwamba kunakili kunahitaji nafasi, kwa hiyo ni dawa ya kinga. Ukiinywa diski ikiwa imeshajaa haifanyi kitu.

Na nina tofali. Kwenye kila seva ninayoishika kuna faili linaitwa tofali, GB 2, halina kitu ndani, nimelitengeneza kwa fallocate -l 2G. Kazi yake ni kukaa. Siku diski ikijaa kweli nalifuta hilo kwanza, MySQL inapata pumzi, akina dada wanaendelea na ankara, na mimi napata nusu saa ya kuuliza nani anaandika, kabla sijashika rm. Vijana wanacheka jina. Nimelitumia mara mbili.

Juzi, tarehe 19 tena, saa mbili usiku, simu. Dada yuleyule, siku hizi ni mhasibu mkuu.

"Kaka, inazunguka."

Nikaacha kijiko. Df, asilimia 61. Df -i, asilimia 9. Lsof safi. Tofali lipo. MySQL inajibu, Tomcat inajibu. Nikaperuzi logi dakika kumi nzima, jasho linanitoka.

"Dada, wenzako hapo inawazungukia?"

"Wenzangu wameshaondoka. Niko nyumbani, natumia simu yangu."

"Hebu angalia bando."

Kimya kidogo. "Aa. Limeisha."